Tumbaku Yahamia Shamba la Zuena

Mwaka ule wa 1951, masika yakiwa bado hayajakatika, tumbaku ya Mwinjuma ilianza kulala mchana. Asubuhi ilisimama vizuri, lakini jua likipanda majani yalilegea yakaning'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Jioni yaliinuka tena, ila kila siku pungufu ya jana.

Chanika nzima ilimjua Mwinjuma kwa tumbaku yake ya kutafuna. Wanunuzi wa Kariakoo walipita mashamba ya watu wengine wakiulizia lake. Miaka saba alikuwa akiilima bondeni, kwenye shamba lilelile, wala haikumpitikia kwamba kasoro inaweza kuwa kwenye udongo. Aliyempitikia ni jirani yake, Jabiri, ambaye tumbaku yake, kwenye shamba alilofyeka karibuni, ilikuwa imesimama wima.

"Si alipita hapa juzi akasema majani yangu mapana?" Mwinjuma alimwambia mkewe. "Tangu siku ile! Huyu kanifanyia kitu."

Kuanzia hapo Jabiri akimsalimu, yeye anatazama pembeni.

Mkewe, Zuena, hakubisha wala hakukubali. Adhuhuri moja alishuka bondeni peke yake, akalishika shina moja lililolegea, akaling'oa. Alipolikung'uta udongo alishtuka. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu, imevimba na kujipinda kama tangawizi. Akang'oa la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Hakupita hata nyumbani. Aliyakumbatia yale mashina matatu, akaenda mbiombio hadi kwa bwana shamba.

Bwana shamba alikuwa Theonest, kijana wa Kihaya aliyeletwa na serikali kufundisha watu kilimo. Mwaka mzima alikuwa akizunguka na baiskeli yake. Watu walimkaribisha vizuri, wakamsikiliza, kisha wakaendelea na yao. Alipoyaona mashina mikononi mwa Zuena, alisahau hata kumwamkia.

"Mama, umeyang'oa mwenyewe? Kila siku nawaambia watu wang'oe watazame chini. Wewe ndiye wa kwanza!" Ndipo akajikumbuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie, hivi ni vitu gani?"

Theonest alipasua kinundu kwa kisu. "Humu mna minyoo, midogo hata macho hayaioni. Inakaa ardhini na kula mizizi ya tumbaku. Ukiipandia tumbaku kila mwaka, unailisha, inazaana. Ukipanda kitu isichokila, inakufa njaa."

"Kitu gani hicho?"

"Karanga. Miaka miwili ya karanga, kisha ndipo urudishe tumbaku."

Zuena alipiga makofi kwa furaha. Alikuwa na shamba lake mwenyewe mlimani, alilorithi kwa baba yake, na miaka miwili mfululizo alikuwa amepanda karanga tupu.

"Basi dawa ninayo nyumbani!" alisema, na tayari alikuwa anaondoka.

Mwinjuma hakuipokea habari ile kwa makofi. "Mie nikalime tumbaku kwenye shamba la mke wangu? Watu watasema nimefukuzwa bondeni."

"Umefukuzwa kweli, Baba Tunu. Na minyoo."

Akachukua jembe lake, akarudi bondeni. Lakini siku ya mavuno mnunuzi wa Kariakoo alikuja, akayageuzageuza yale majani mafupi, akaaga kwa adabu, kisha akaonekana akikata njia kuelekea kwa Jabiri. Mwinjuma alibaki mlangoni akimtazama mpaka akapotea. Aliporudi ndani aliuliza, bila kumtazama mkewe usoni, "Lile shamba lako la mlimani, visiki vyake vingi?"

Masika yaliyofuata walibadilishana. Mwinjuma alihamishia miche yake ya tumbaku mlimani, na Zuena akapanda karanga bondeni. Wiki chache baadaye jua kali la kwanza lilipowaka, Mwinjuma alishindwa kwenda kutazama.

"Nenda wewe," alimwambia mkewe.

"Tunakwenda wote."

Walipanda mlima saa saba, jua liko utosini. Tumbaku ilikuwa wima, majani yametanuka, hakuna hata moja lililoinama. Mwinjuma alizunguka mistari yote, akarudi akaizunguka tena. Siku zile zote zilizofuata hakukosa kupanda kila adhuhuri, na kila akirudi alikuwa anapiga mluzi. Ilipomfika kifuani, Zuena alimwambia, "Sasa ng'oa shina moja."

"Zima namna hii? Haliniingii akilini!"

"Ng'oa tuone, Baba Tunu. Moyo wangu hauwezi kungoja tena."

Alilishika kwa mikono miwili, akafumba macho, akavuta. Udongo ulipodondoka, mizizi ilining'inia mirefu, myeupe, laini, haina kinundu hata kimoja. Zuena alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani, ambako Theonest alikuwa anapita. Kijana aliitupa baiskeli majanini, akapanda mbio. Alipoiona ile mizizi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwinjuma hakuwepo tena kuyaona. Alikuwa anateremka mlima na shina lake mkononi, mbio, udongo ukimwagikia shati, moja kwa moja mpaka kwa Jabiri. Jabiri alimwona mtu asiyemjibu salamu mwaka mzima akimjia kwa kasi ile, akarudi nyuma hatua tatu.

"Jabiri! Nilikudhania vibaya. Nilisema umeniroga. Ni minyoo, ndugu yangu! Nisamehe."

Jabiri alilitazama lile shina, akamtazama Mwinjuma. "Yaani mwaka mzima ulininunia kwa ajili ya minyoo?"

"Ndiyo."

Jabiri alitaka kukasirika, ikamshinda, akaangua kicheko. Kisha ghafla akaingia shambani kwake, akang'oa shina. Mizizi ilikuwa mizuri, ila pembeni vilikuwa vimeanza kutoka vinundu vidogo kama punje za mtama. Akamgeukia Zuena, aliyekuwa amewasili akihema.

"Shemeji, karanga za mbegu utakuwa nazo?"

"Njoo na kikapu nikivuna," alijibu Zuena. "Kikapu kikubwa!"

Alivuna mwezi wa saba. Karanga zilitoka ardhini vichanavichana, na Mwinjuma mwenyewe alikuwa anazichambua huku akimuuliza mkewe ni lini atarudi na tumbaku yake bondeni.

"Mwakani hapa ni karanga tena," alisema Zuena. "Mwaka utakaofuata ndipo tuzungumze."

"Na mlimani, mwakani nipande nini?"

"Karanga."

"Na tumbaku je?"

Zuena alinyoosha kidole ng'ambo ya mlima, kwenye pori la baba yake ambalo halijafyekwa. Mwinjuma aliacha karanga pale pale, akaenda kutafuta panga.