Kiatu Namba Saba

Saa mbili asubuhi Ikapel, fundi mwashi kutoka Malaba, alikuwa wa saba kwenye foleni ya feri pale mjini Sio Port, na foleni yenyewe haikuwa na mtu hata mmoja. Kulikuwa na beseni, mwavuli, kigoda, mtungi wa mafuta ya taa, kapu na kandambili moja kuukuu, vyote vimepangwa kwenye gati kwa adabu inayowashinda watu.

"Weka kitu yako kwa laini, halafu uende," alisema Ogweno, karani wa gati, bila kuinua macho. "Hapa si steji ya matatu. Watu hawakai, ni vitu peke yake."

Ikapel akainama kuokota jiwe.

"Mawe nimekataza! Mtu ataweka jiwe alale kwake. Weka kitu unaweza rudia."

Katika mfuko aliobeba mlikuwa na mwiko, timazi na pimamaji. Vifaa hivyo vya kazi hangeviacha hata kwa padri. Alikuwa amekaa miezi minane bila kazi, na msimamizi aliyekuwa akijenga shule kwenye kisiwa ilikokwenda feri alimtumia ujumbe: fika Ijumaa kabla jua halijazama, la sivyo nitamchukua mwingine. Ijumaa yenyewe ndiyo hii, na feri nyingine ilikuwa ya Jumanne. Basi akavua kiatu cha kushoto, alichokipiga rangi kwa ajili ya msimamizi huyo, akakiweka nyuma ya kandambili.

Akaenda kuutazama mji, mguu mmoja kiatu, mwingine soksi. Mji haukuchukua muda. Palikuwa na barabara moja, posta isiyo na stempu, na duka lililoandikwa mlangoni HATUNA SUKARI, USIULIZE. Aliuliza hata hivyo, akafukuzwa. Mbwa mmoja aliipenda ile soksi, wakafuatana mpaka ufukweni, ambako mama mmoja alikuwa akianika dagaa wa omena juu ya nyavu.

"Mzee, kiatu ingine iko wapi?"

"Iko kwa laini."

"Uwii! Umeweka ile mzuri?" Mama huyo, Roselida, alicheka hadi akakaa chini. "Sisi huku kila nyumba iko na kiatu ya laini. Hiyo kandambili mbele yako ni yangu. Mwenzake ilikufa zamani."

Ikapel naye akacheka, ingawa changarawe zilikuwa zimeshamla unyayo.

Feri ya saa nne haikuja saa nne, wala saa sita. Alikuwa ameuzunguka mji mara nne, na watoto wa shule wameshaanza kumwamkia kama mwenyeji, honi ilipolia saa tisa. Alikimbia akichechemea, Roselida nyuma yake. Walipofika gatini, kamba ilikuwa imeshafunguliwa. Sitaha ilikuwa imejaa makochi mekundu ya diwani wa kisiwani, bado yamefungwa nailoni. Hakuna aliyeyakalia.

"Karani! Mimi ni namba saba!"

Ogweno akatazama daftari lake. "Namba saba, kiatu nyeusi. Imepanda."

"Na mimi?"

"Kochi ya watu watatu tunahesabu watu watatu. Vitu yote imepanda, mzee. Ni watu ndio wamekosa nafasi."

Feri ikageuka. Ikapel aliweza kukiona kiatu chake juu ya beseni, kinang'aa, kikienda kuripoti kazini bila yeye. Kilimwuma moyoni. Kule, jua likizama, mwingine angeshika mwiko, naye angerudi Malaba kumwambia Petronilla, mkewe, kwamba alifika mapema, akapanga foleni, na akaachwa.

"Kuja Jumanne," alisema Ogweno, akavua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani, akaingia ofisini kufunga madirisha.

Ikapel aliitazama ile kofia. Akaichukua kwa mikono miwili, akaiweka kwenye gati tupu, pale mwanzo kabisa wa foleni. Akavua kiatu cha kulia, akakipanga nyuma yake.

Ogweno akatoka. "Nani ameweka kofia yangu hapo?"

"Ni laini ya Jumanne, boss. Wewe ni namba moja," alisema Ikapel, akibeba mfuko wake. "Sasa uende. Watu hawakai, ni vitu peke yake."

Roselida alikuwa ameshakaa chini tena kwa kicheko. Ikapel alipanda barabara kwa soksi zake mbili, na alipogeuka, karani alikuwa bado amesimama kichwa wazi mbele ya kofia, hajathubutu kuiondoa kwenye laini.