Mavi ya Ndege Yaliyoota Pembe

Dufie alikuwa akichuma malimau nyuma ya jiko, pale kijiji kinapopakana na msitu, alipoona jani lina mavi ya ndege. Akalipangusa kwa kidole. Mavi yakainua kichwa, yakachomoa pembe mbili nyekundu na kumtolea harufu kama ya embe bovu.

"Mama yangu! Mavi yananitisha!"

Mumewe, Baffour, mgema aliyejiona bingwa wa kila chenye mabawa, akaja akicheka. "Kiwavi huyo. Atageuka kipepeo wa manjano, mwenye mikia. Nawaona kila siku huko kwenye michikichi yangu."

"Manjano wapi! Mwaka jana mlimau huu ulitoa weusi wenye madoa meupe. Mkia hawana hata wa kuazima."

"Uliota, mke wangu."

"Haya, atakayeshindwa atwange mhogo wa fufu wiki nzima, hapo uani, kila mtu amwone."

Kumbe juu ya mlimau viwavi walikuwa wawili. Wakala, wakanenepa, wakavua weupe na kuvaa kijani. Dufie akawafukuza kuku kwa mwiko. Baffour akawakemea mbuzi waliolia karibu. Supu ikakosa limau. Kisha kila kiwavi akajifunga uzi kwenye kijiti, akajivua ngozi, akakaa kimya kama jani lililokunjwa.

"Wamekufa," Dufie alisema, machozi yakimlenga.

"Shh! Wamelala."

Wa kwanza akatoka asubuhi moja: manjano, mikia miwili. Baffour akacheza hadi kitambaa kikamfunguka kiunoni, kipepeo akaruka zake. Siku mbili baadaye akatoka wa pili: mweusi, madoa meupe, bila mkia. Dufie akapiga vigelegele. Lakini kabla hajamaliza, wa manjano mmoja akashuka kutoka msituni, akamzunguka yule mweusi, kisha wakashikana kitako kwa kitako, wametulia kabisa.

"Haya! Watu wa makabila mawili!" Baffour alinong'ona.

Jirani yao, bibi Pokuaa, alikuwa akichungulia juu ya ua. "Makabila gani? Huyo wa manjano mume, huyo mweusi mke. Nguo tu ndizo tofauti. Hata ninyi, mmoja mrefu kama mchikichi, mwingine mfupi kama kinu, nani angejua mmeoana?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeshindwa, na njaa ilikuwa inauma. Baffour akashika mchi, Dufie akakaa kando ya kinu kugeuza mhogo kwa mkono.

"Taratibu wewe! Hivyo ni vidole vyangu, si mhogo!"

"Viondoe basi, nami nina njaa!"