Mchanga wa Kamanga na Majibu Mawili

Hakuna mtu Mwanza nzima aliyeipigia debe habari ya maabara kupeana majibu kama Shaibu, na hakuna aliyejuta haraka kama yeye.

Kazi yake ilikuwa kuvunja vitu. Kule bandarini, nyuma ya maghala ya pamba, serikali ilikuwa na maabara ya kupima vifaa vya ujenzi, na Shaibu ndiye aliyekuwa mpimaji. Akiletewa saruji, mchanga na kokoto, alichanganya zege, akalimimina kwenye viboksi vya chuma, likakauka na kuwa vibonge vya mraba. Kisha aliweka kibonge kwenye mashine na kukikandamiza mpaka kipasuke, jicho lake liko kwenye mshale unaoonyesha kimestahimili uzito gani. Majirani walipomwuliza mkewe, Moza, mumewe anafanya kazi gani, Moza alijibu, "Anavunja, halafu anaandika."

Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka uliopita, na kila kijiji kilitaka kujenga kitu. Sasa huko Buhongwa, kwenye barabara ya Shinyanga, kulikuwa na kituo kingine, cha utafiti wa udongo, nacho kilipima mchanga na changarawe vilevile. Vituo hivi viwili vilikuwa kama majirani wasioazimana chumvi. Changarawe ya barabara ileile ilipimwa mjini, ikapimwa tena Buhongwa, na kila upande ukayafungia majibu yake kabatini kama mapishi ya pilau ya harusi. Jambo hili lilimkera Shaibu hata chakula hakikumpita vizuri. Akamwendea mkuu wake, Bwana Muhidin, mtu mpole wa miwani aliyekikalia kiti hicho tangu Mwingereza alipofungasha virago.

"Tunafanya kazi moja mara mbili, Bwana Muhidin. Tupeane majibu, tuokoe muda."

"Na majibu yakigongana?"

"Yatagonganaje? Mchanga ni mchanga."

Bwana Muhidin alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa ameishi miaka mingi kuliko Shaibu na alijua kwamba vitu vingi hugongana. "Haya. Mjaribu kwa mchanga wa Kamanga. Mkipatana, tutapeana kila kitu. Msipopatana, kila mtu na kabati lake."

Hapo Shaibu alipaswa kusita kidogo, maana Kamanga ni ukweni kwake. Ni ng'ambo ya pili ya maji, na watu wake walikuwa wakitaka kujenga wodi ya wazazi. Mwanamke wa Kamanga akishikwa na uchungu alipakiwa kwenye mtumbwi kuvushwa Mwanza hospitali, na wapo waliojifungua kabla ya kuuona mji, katikati ya ziwa, mwenye kasia akiwa ameugeuza uso pembeni kwa aibu. Serikali ilikubali kuwapa saruji, ila kwa sharti moja: mchanga wa pwani yao uonekane unafaa. Usipofaa, saruji ingekwenda kijiji kingine, na vijiji vyenye mchanga mzuri vilikuwa vimekaa mkao wa kula. Aliyekuwa akiisimamia shughuli hiyo ya wodi ni Bi Mwanabaraka, mama yake Moza, mwanamke ambaye akisema jambo kijijini, wanaume huuliza tu lianze saa ngapi. Na Shaibu alikuwa amekwisha mwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi."

Mpimaji wa Buhongwa aliitwa Wilhelmina, binti wa Bujora, msomi, mwenye ulimi. Yeye ni Msukuma, na baba yake Shaibu alikuwa Mzaramo aliyekuja na reli, kwa hiyo hao wawili ni watani, na utani waliutumia bila huruma. Walipokubaliana kila maabara ipime mchanga wa Kamanga kivyake, Wilhelmina alisema kwenye simu, "Gunia langu lije moja kwa moja kutoka Kamanga. Likipitia mikononi mwa Mzaramo litafika nusu."

"Litakuja, mla michembe ya viazi. Wala usiogope."

Basi Shaibu alivuka siku ya Jumapili, akawasalimu wakwe, akateremka pwani na koleo, akajaza gunia lake mwenyewe. La Buhongwa alimwachia Bi Mwanabaraka alitume, akamweleza kwamba linakwenda kwa mwanamke msomi, mkubwa wa maabara.

"Mwanamke?" Bi Mwanabaraka aliuliza, na uso ukamng'aa. "Niachie mimi."

Majibu ya Shaibu yalikuwa ya kusikitisha. Ipo njia nyepesi ya kujua kama mchanga una uchafu: unautia kwenye chupa pamoja na maji ya magadi makali ya maabara, unautikisa, unauacha mpaka kesho yake. Maji yakibaki meupe, mambo shwari. Ya Shaibu yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Vibonge vyake ndiyo kabisa: kimoja kilimomonyoka pembe hata kabla hakijafika kwenye mashine. Alikaa akakitazama, akaona sura ya mama mkwe wake. Moyo ulimwuma kweli.

Akapiga simu Buhongwa, akitumaini kwamba mwenzake naye analia.

"Mchanga mzuri kuliko wote niliopata kupima," alisema Wilhelmina. "Maji meupe pe. Vibonge vimenitoa jasho kuvivunja."

Shaibu akasema jambo ambalo hakupaswa kusema. "Magadi yenu yameisha nguvu."

"Na chupa zako zinanuka chai! Kwani sijui kwamba mnazinywea?"

Huu haukuwa utani tena. Walikata simu wote pamoja. Shaibu, yule aliyehubiri kupeana majibu, alitwaa karatasi yake akaifungia kabatini, na ufunguo akautia mfukoni. Alipogundua alichokifanya aliona haya, lakini hakuutoa.

Bwana Muhidin alisikia. Mambo ya namna hiyo hayakai kimya. Alimwita Shaibu na kumwambia kwa upole uleule, "Mwisho wa mwezi nitaandika jibu la Kamanga. Nikiwa na majibu mawili yanayopingana, sitakuwa na jibu. Na nisipokuwa na jibu, saruji itakwenda kwingine. Haya ninakwambia ili usiseme hukuambiwa."

Shaibu alirudi nyumbani akamweleza Moza. Moza alikuwa akichambua mchele. "Kwa hiyo wewe na huyo dada mmenuniana, na wajawazito wa kwetu waendelee na mitumbwi," alisema bila kuinua kichwa. Shaibu aliinuka. Alipanda baiskeli akaenda Buhongwa, njia nzima akiwa na gunia la mchanga uliobaki nyuma ya kiti.

Wilhelmina alimkuta mlangoni amelowa jasho. "Umeleta nini, mtani?"

"Aibu yangu yote iko humu. Mimi nipime wa kwako kwa magadi yangu, wewe pima wa kwangu kwa magadi yako. Chupa nimezisugua kwa majivu."

Wilhelmina alicheka. Hakuwa mtu wa kushika kinyongo, naye moyoni alikuwa ameanza kuyatilia mashaka magadi yake. Akampa mchanga uliobaki, wakaagana.

Asubuhi ya pili simu ililia kabla Shaibu hajavua kofia.

"Wako umekuwa chai," Wilhelmina alisema.

"Na wako ni mweupe pe," alisema Shaibu.

Kumbe hakuna maabara iliyokosea. Mchanga ndio uliokuwa mbalimbali, na umetoka pwani moja.

Walivuka pamoja kwenda Kamanga na boti ya asubuhi. Bi Mwanabaraka aliwakuta wanapanda kutoka majini, akafurahi mno kumwona mwanamke wa maabara kwa macho yake. Wakakaribishwa, wakaletewa uji. Shaibu alikuwa na swali moja tu, lakini mtu anamwulizaje mama mkwe wake kwamba gunia lako lina mushkeli? Alikunywa uji, akasifu uji, akauliza habari za mbuzi. Wilhelmina alivumilia hadi mbuzi, akashindwa.

"Mama, shikamoo tena. Lile gunia ulilonitumia, mlilichota wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Palepale pwani, alipochota mkwe wangu."

"Palepale kabisa?"

"Palepale, pale tunapoanika dagaa. Halafu tukauosha."

Shaibu aliweka kikombe chini.

"Mkauosha?" aliuliza, amesahau hata adabu ya ukwe.

"Sasa!" Bi Mwanabaraka alimtazama Wilhelmina kutafuta msaada, kwa kuwa jambo lilikuwa wazi mno. "Mchanga umejaa magamba ya dagaa, unanuka, una mafuta, niupeleke hivyo kwa watu wa kazi? Wangesema Kamanga hakuna wanawake. Tuliuosha ziwani kwa karai, kama mchele, maji mpaka yakatoka meupe. Tukauanika kwenye mikeka, nikauchekecha mwenyewe. Ningekuoshea na wa kwako, baba, lakini wewe ulikuja na koleo lako, una haraka."

Wilhelmina alicheka mpaka akashika mbavu. Shaibu naye, baada ya kujaribu sana kuwa mkavu, alicheka hadi machozi. Mafuta ya dagaa! Hayo ndiyo yaliyoyatia maji ya chupa rangi ya chai, na ndiyo yaliyolizuia zege lisikaze. Na yeye, mkwe wa watu wa dagaa, aliyekula dagaa wa pwani hiyo tangu siku ya posa, hakuwa amewafikiria hata kidogo. Wilhelmina pia alipokea mchanga unaomeremeta kama umetoka kwa dobi, asijiulize ni ziwa gani linalotoa mchanga wa namna hiyo.

Bi Mwanabaraka ndiye ambaye hakucheka. "Nimeharibu?" aliuliza, na sauti ilikuwa ndogo. "Saruji yetu imekwenda?"

"Hapana, mama," alisema Shaibu haraka. "Hujaharibu. Ila mchanga wa kujengea wodi nzima ni mwingi. Mtaweza kuuosha wote?"

Bi Mwanabaraka alimtazama kama aliyeulizwa kama wanawake wa Kamanga wanajua kupika.

Mchana huohuo karai zilishuka ziwani. Safari hii Shaibu na Wilhelmina walichota kutoka rundo moja lililooshwa mbele ya macho yao, wakaligawa kwenye magunia mawili, wakaandikiana nani alichota, wapi, na mchanga ulifanywa nini kabla ya kuingia kwenye gunia. Kuanzia hapo hakuna jibu lililotoka Mwanza kwenda Buhongwa, wala la Buhongwa kuja Mwanza, bila maelezo hayo juu yake.

Siku ya kuvunja vibonge ilipofika, Bi Mwanabaraka alivuka na boti ya kwanza, amevaa khanga mpya, akasimama ndani ya maabara kando ya Bwana Muhidin. Alisema hataki kusimuliwa. Shaibu aliweka kibonge kwenye mashine, akaanza kukandamiza. Mshale ukapanda. Ukafika alama iliyotakiwa, ukapita.

"Imetosha, baba," alisema Bi Mwanabaraka. "Umeona ni kigumu. Kiache."

"Lazima kivunjike, mama, ndipo tujue kilikuwa kigumu kiasi gani."

"Mnavunja kizima mjue kama ni kizima?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Aliziba masikio. Kibonge kilistahimili, kikastahimili, kisha kikapasuka kwa kishindo na Bi Mwanabaraka akapiga yowe. Shaibu alisoma mshale, akapiga simu Buhongwa, na bila kusubiri kusikia cha mwenzake akataja hesabu yake kwanza. Upande wa pili Wilhelmina alipekua karatasi zake.

"Karibu sawa," alisema. "Changu kimezidi chako nywele moja. Ungeosha chupa vizuri, mtani."

Bwana Muhidin alichukua kalamu akaandika jibu la Kamanga hapohapo, akiwa amesimama, jibu moja, akaacha nafasi ya sahihi mbili. "Saruji itavushwa wiki hii," alisema.

Bi Mwanabaraka alikiokota kipande cha kibonge sakafuni, akakigeuza mkononi. Alikuwa mwanamke aliyeshika taa kwenye mitumbwi mingi mno. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Basi tutazaa nchi kavu," alisema.

Halafu akauliza boti ya kurudi inaondoka saa ngapi, kwa sababu wenzake walikuwa bado majini na karai.