Presha ya Fundi Viatu

Mfamasia alikuwa na wagonjwa arobaini wa presha, na karibu wote walimtoa jasho. Kila mmoja alipewa mashine ya kuvaa mkononi, ya kujipimia nyumbani. Akijipima asubuhi, namba zinaruka zenyewe mpaka kwenye kompyuta ya duka la dawa, naye mfamasia anapiga simu, anaongeza au anapunguza vidonge. Na simu zake, jamani! Mdomo alikuwa nao, ingawa roho yake ilikuwa safi.

Fundi viatu aliwashinda wote kwa ukaidi. Wiki ya kwanza presha yake ilifika mia na themanini, mfamasia akamsema kama mtoto mdogo. "Sikio la kufa halisikii dawa!" alimfokea. Kuanzia hapo mzee akanyooka. Mia na ishirini, mia na kumi na nane, kila asubuhi. Mfamasia akawa anawatambia wenzake: "Mwoneni fundi wangu!" Miezi miwili ilipopita, akamwondolea kidonge kimoja kati ya viwili, akafurahi siku nzima.

Wiki tatu baadaye namba zikaja nzuri kuliko zote. Akapiga simu, akapokea mke wa fundi.

"Shikamoo, mama. Hebu nipe fundi nimpongeze."

"Marahaba. Fundi yuko hospitali tangu juzi, mwanangu. Upande mzima umepooza. Hasemi."

"Juzi? Mbona leo amejipima?"

"Nimejipima mimi." Mama akaanza kulia. "Siku zote ni mimi. Ulipomgombeza aliapa havai tena hiyo mashine. Nikasema isiwe ugomvi ndani ya nyumba, nikawa naivaa mwenyewe. Hata leo nimeivaa kwa mazoea tu. Si ulisema tusikose hata siku moja?"

Mfamasia aliikodolea macho kompyuta. Alitaka kumkaripia. Lakini kidonge cha mzee alikiondoa yeye, kwa kusoma presha ya mwanamke mzima wa afya, na aliyemtia mzee hasira mpaka akaapa ni yeye pia. Aliogopa, akaona aibu, akatamani simu ikatike.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, mama."

"Vile vidonge ulivyomwondolea bado ninavyo kabatini. Nimpelekee leo?"

"Anaweza kumeza?"

"Maji yenyewe yanamtoka mdomoni," mama akasema. "Lakini wewe ukisema nimpelekee, nitampelekea."