Namba Nne, Yupo

1.

Moja? — Yupo.
Mbili? — Yupo.
Tatu? — Yupo.
Nne?

— YUPO! *(wote kwa pamoja)*

Tano? — Yupo.

2.

Wewe uliyefika sasa hivi, sogea nikueleze kabla hujauliza. Hao ni watoto wa Nyota ya Reli, timu ya vijana ya mtaa wetu, hapa Tabora. Anayesoma daftari ni Kocha Mihambo, fundi baiskeli. Namba nne ni Hilali, beki wa kati. Hilali alifariki miezi minane iliyopita, kwa homa ya siku tatu.

Na yule pale nyuma ya ghala, anayefua jezi kwenye beseni la bluu, ndiye mama yake. Mwamini. Anaifulia timu tangu enzi zile soksi zilipokuwa zikimfika mwanawe mapajani. Kila Jumanne na Alhamisi, namba nne ikiitwa, mikono yake husimama majini. Wakishajibu, anaendelea kufua.

Halii. Watu wanasema amejikaza. Amejikaza wapi? Hasikii kitu tu, kama fizi iliyodungwa sindano ya ganzi.

3.

Jambo lenyewe halikupangwa. Mazoezi ya kwanza baada ya arobaini, Kocha alisoma daftari kwa mazoea mpaka ikamtoka: "Nne?" Akaganda. Kabla hajajua aseme nini, namba tatu, Maganga, aliyekuwa akila sahani moja na Hilali, akajibu, "Yupo." Wengine wakafuata. Siku ya pili wakajibu tena, safari hii kwa nguvu.

Nani angewakemea? Wewe ungewakemea?

5.

(Ndiyo, nimeruka. Usinisahihishe.)

Kosa lilitokea Jumamosi, kwenye mechi na Kimbunga. Kocha alijaza fomu ya wachezaji kwa kunakili daftari, jina baada ya jina, bila kufikiri. Kamisaa wa mchezo alikuwa mgeni, hajui habari za mtaa. Akasimama mbele ya watoto, akaita. Alipofika kwa Hilali, wakafanya walivyozoea.

Yupo.

Kamisaa akatia tiki. Nyota wakashinda mbili bila, wakaingia nusu fainali kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. Kimbunga wakahesabu vichwa: majina kumi na saba, watoto kumi na sita. Wakakata rufaa.

6.

KAMATI YA LIGI YA VIJANA

YAH: MCHEZAJI ASIYEONEKANA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kamati imepokea rufaa kwamba timu yako iliorodhesha mchezaji ambaye hakuwepo uwanjani, kwa nia ya kuchezesha mamluki kwa jina lake. Unaagizwa kumleta mchezaji Na. 4, Hilali Kapalata, *yeye mwenyewe*, mbele ya Kamati siku ya Ijumaa, saa tatu kamili asubuhi, akiwa nadhifu.

Endapo hawezi kufika, iletwe hati ya serikali yenye kueleza sababu. Kinyume cha hapo, timu itaondolewa kwenye ligi.

Wako katika michezo,

(saini haisomeki)

7.

Bombani:

"Si wapeleke tu cheti cha kifo, mambo yaishe?"

"Mama mtu hajakichukua."

"Miezi yote hiyo?"

"Kiko tayari ofisini. Anatakiwa akasaini."

"Makubwa! Anangoja nini sasa?"

"Shoga, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kinga ndoo yako."

8.

Kocha Mihambo alikuja Jumatano mchana, mikono bado ina grisi.

"Hodi, Mama Hilali."

"Karibu, Kocha. Usiguse jezi na hiyo mikono."

Akachuchumaa mbali kidogo na beseni. Akakohoa. Akasifia jua.

"Sema kilichokuleta," alisema Mwamini.

"Kosa ni langu. Ningekuwa na njia nyingine nisingekanyaga hapa."

"Kakichukue wewe."

"Wanataka mzazi."

Mwamini alikuwa ameshika namba nne. Jezi hiyo haijavaliwa miezi minane, haina hata doa, na kila wiki huitia sabuni pamoja na wenzake. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Yeye alieleka furushi la jezi.

"Nikikupa hiyo karatasi," alisema, "Jumanne utasoma nini?"

Kocha alijifuta grisi kwenye suruali. 

"Nakuuliza, Kocha. Mimi kulia siwezi, nimejaribu. Naogopa tu. Wale watoto wakiacha kumjibu, sitakuwa na mahali pengine pa kumsikia."

"Watoto kumi na sita, Mama Hilali. Wakitolewa leo, mwakani umri hauwaruhusu."

"Nawajua. Si nawafulia mimi?"

Kocha akaondoka bila kuaga.

9.

Mambo aliyoyafanya Mwamini siku ya Alhamisi ili asiende ofisini:

— alifagia ua uliokwisha kufagiwa
— alianika jezi kumi na saba, akazianua mbichi, akazianika tena
— alivaa viatu
— alivua viatu
— alipiga pasi namba nne

Halafu mkono ukafika kwenye jezi ya Maganga. Kwapa limechanika, pale pale alipolishona juzi. Mtoto anakua yule. Akaitazama kwa muda mrefu.

Akaenda.

Dirishani karani aliuliza jina la marehemu. Akalitaja. Akaulizwa uhusiano.

Mama.

Saini hapa, mama.

Akasaini. Karani akasema pole bila kuinua uso, Mwamini akasema ahsante, na mtu aliyefuata kwenye foleni akasogea.

10.

Ijumaa. Watoto kumi na sita wamejipanga ukutani, wamechana nywele. Kocha amewaonya: atakayefungua mdomo atanijua mimi ni nani.

MWENYEKITI: Mchezaji namba nne.

(kimya)

MWENYEKITI: Nauliza. Mchezaji namba nne, yupo?

Maganga ameuma ukosi wa shati lake. Mwamini anasimama, bahasha mkononi.

Hayupo.

Alidhani neno hilo lingekataa kutoka. Lilitoka jepesi tu, kama neno lolote, na hapo ndipo kitu kilipomchoma chini ya titi la kushoto, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akashika kiti.

Mwenyekiti alisoma karatasi. Akavua miwani.

"Mama, hatukujua. Tuwie radhi."

"Mmeandika aje akiwa nadhifu," alisema Mwamini, akaiweka mezani jezi iliyopigwa pasi. "Hiyo hapo."

11.

UAMUZI

(a) Rufaa imetupwa.
(b) Ushindi wa Nyota ya Reli unabaki palepale.
(c) Kocha anapewa onyo la maandishi.
(d) Jina la mchezaji Na. 4 lifutwe katika fomu na madaftari yote ya timu, kuanzia leo.

12.

Jumanne. Jua linawaka. Beseni la bluu, jezi kumi na saba. Ile ya namba nne Mwenyekiti aliirudisha kwa mikono miwili.

Kocha anafungua daftari. Kuna mstari mmoja umepigwa kalamu nyekundu, na rula imetumika, kwa heshima.

Moja? — Yupo.
Mbili? — Yupo.
Tatu?

Maganga anachelewa kidogo.

— Yupo.

Kidole cha Kocha kinashuka ukurasani. Kinasimama. Anatazama upande wa ghala, anaondoa macho haraka.

Tano?

Namba tano yupo. Mwamini anamwona kwa macho yake, amesimama pale na soksi moja chini. Hajibu.

"Nimesema tano."

Hakuna. Sita naye anatazama ardhi. Watoto kumi na sita, midomo imefungwa, na mpira umekaa katikati yao.

Kocha anawaonyesha daftari. "Jamani, mimi nimeandikiwa barua. Nifanye nini?"

Machozi yanamtoka Mwamini, yanadondokea majini, na anayaacha yatoke. Anajifuta mikono kwenye kanga. Anainuka.

"Rudia, Kocha," anasema. "Umeruka."

4.