Mke Ndani ya Kisanduku cha Mumewe

Mwaka wa themanini na tano Citoyen Jérôme, yaani Mwananchi Jérôme kwa heshima ya siku zile, alirudi Bunia kutoka Kinshasa na viatu vyenye ncha, pamoja na elimu ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, Ituri nzima ilikuwa haijainusa. Ushirika wa kahawa ulikuwa umeagiza kompyuta. Mashine ilikuwa bado iko njiani, lakini mwalimu wake, Jérôme, alikwisha kufika, na kila asubuhi aliwafundisha makarani watatu kuchora ubaoni vitu vyote ambavyo mashine ingepaswa kuvijua. Kila kitu kiwe na kisanduku chake, na kati ya visanduku ipite mistari ya kuonyesha nini kinahusiana na nini.

Claire, karani pekee mwanamke, alilipenda somo na kumdharau mwalimu, wala hakujisumbua kuficha.

Kisanduku kikubwa cha Jérôme kiliitwa MKULIMA. Ndani yake aliandika sifa za mkulima: jina, kijiji, mibuni, aina ya paa, mke. Mke! Tena baada ya paa! Claire alihisi damu ikimchemka. Mama yake, Martine, mjane wa huko Mahagi, ndiye aliyelima shamba la kahawa tangu baba afariki, na mchoro huu ndio ungeamua ushirika utanunua kahawa ya nani.

"Citoyen, mukulima akikufa, bibi yake anaenda wapi?"

"Tunafuta mukulima, bibi anafutika naye. Modele, ni kusema muchoro, inapaswa kuwa safi."

"Na kahawa nayo inakufa?"

Makarani wenzake, Vital na Jean-Pierre, walicheka chinichini. Jérôme alisema wanawake huingiza moyo kwenye kazi ya akili. Claire akachukua chaki, akachora kisanduku cha MTU na kingine cha SHAMBA, na kati yao mstari: analima. Mstari mwingine, ameoa, ulitoka kwa mtu ukaenda kwa mtu. Mmoja akifa, mwenzake anabaki na jina lake na shamba lake. Jérôme aliutazama mchoro kidogo, akasema ni michoro ya chekechea, akaufuta kwa kiwiko.

Ijumaa mkurugenzi wa ushirika, Adrien, alikuja kuchagua mchoro wa kupeleka Kinshasa kwa waliokuwa wakiitayarisha mashine. Huyu alikuwa na bibi mmoja wa kanisani na wawili wa mashambani, jambo ambalo Bunia yote ililijua, padri peke yake akijitia hajui.

"Miye niko na mashamba tatu," alisema, "na kwa kila shamba, bibi. Weye unaniandikia nani?"

Jérôme angeweza kukiri kosa, lakini viatu vile havikununuliwa kwa kukiri makosa. Chini ya mke akaandika mke wa pili, na chini yake mke wa tatu.

"Na kaka yangu wa Kpandroma? Ule iko nao sita."

Kisanduku kikavimba. Wa nne, wa tano. Kwa wa sita mwalimu ilibidi apige magoti, akaandika ukingoni kabisa mwa ubao, suruali yake ya Kinshasa nyeupe kwa chaki.

"Na mutu wa bibi moya?" Vital aliuliza. "Nafasi zingine zinabaki bure?"

Claire alichora upya visanduku vyake, akaeleza: kila bibi ni mtu, kila mtu na shamba lake, wawe watatu au sita, bila kuongeza kisanduku hata kimoja.

"Eh! Hapa bibi zangu wanaenea yote!" Mkurugenzi akauchagua papo hapo. Wajane hawakumpitia akilini hata kidogo. Claire aliliona hilo na likamchoma: haki ya mama yake ilipita kwa sababu mwanaume mmoja hakutosheka. Lakini ilipita.

"Andika mufano," mkurugenzi alisema, akijiweka sawa kusubiri jina lake. Claire akaandika chini ya MTU: Martine, Mahagi.

"Huyu iko bibi ya nani?"

"Iko mutu, patron. Iko na shamba."