Mke Mdogo wa Dereva

Mtaa mzima ulilijua lile gari kwa jina la Mke Mdogo, na aliyelibatiza hivyo alikuwa Mama Keki mwenyewe. Lilikuja nyumbani siku mumewe alipostaafu. Alikuwa amemwendesha mkurugenzi mmoja miaka nenda miaka rudi, na mkurugenzi, alipoagiza gari jipya, akamkabidhi dereva wake lile la zamani kama zawadi ya kumuaga: jeusi, refu, viti vya ngozi, milango inayofungika kimya kimya. Majirani wakaja kupongeza. Mama Keki akawaandalia chai, akatabasamu hadi mashavu yakamuuma. Hakujua kwamba kupewa gari la kifahari lililozeeka ni sawa na kukabidhiwa mgonjwa umuuguze.

Haukupita muda rejeta ikaanza kuvuja. Ikafuata pampu ya breki, kisha gia boksi ikawa inaguna kila ikipanda mlima. Taa ya mbele ilipozima ikabidi inunuliwe taa nzima, maana balbu yake haiuzwi peke yake. Fundi wao, mtu mpole mwenye gereji nyuma ya soko, kila akifunua boneti alishusha pumzi kwanza.

"Spea ya hili, mzee, hapa haipatikani. Tuagize."

Neno hilo, tuagize, Mama Keki alilichukia kuliko matusi. Pensheni ya mumewe ikiingia tu, gereji imeshaikomba. Nyumba ikawa inalishwa na keki zake.

"Mwenzio ameamkaje leo?" jirani humtania akipita.

"Ameamka na homa. Amezimeza hela zangu zote na bado analia njaa."

Walicheka, ila moyoni Mama Keki alikuwa hacheki. Mumewe aliliosha gari lile kila asubuhi, akalikausha kwa kitambaa laini, halafu akaketi kwenye usukani bila kwenda popote, kwa kuwa mafuta nayo yana bei. Alikuwa amezoea kuhitajika. Kumwambia auze gari lilikuwa jambo gumu kutamka, basi mkewe akayameza maneno.

Asubuhi moja wakalikuta limelala. Sehemu yote ya nyuma ilikuwa imeshuka hadi matairi yakafichika, mfano wa ng'ombe aliyegoma kuinuka. Fundi akaitwa, akajilaza chini yake, akatoka na vumbi mgongo mzima.

"Gari hili halisimami juu ya springi kama mengine," akaeleza. "Linasimama juu ya mifuko ya hewa, na mifuko imechakaa. Naweza kuitoa niweke springi za chuma za kawaida. Ni bei nafuu na litatembea, lakini ule ulaini wake msahau, litarukaruka kama lori la mchanga. Au tuagize mifuko yake halisi."

Akataja bei. Mzee akatazama viatu vyake.

Mdogo wake mzee alikuwa dalali wa magari, na siku hiyo hiyo akatokea bila kuitwa. Habari za gari linaloumwa zilimfikia haraka kuliko za msiba. Akalizunguka, akapiga teke tairi moja, akasikitika kwa adabu.

"Kaka, weka springi za chuma, mimi nitalichukua," akasema, akataja bei ya kutupa. Akamgeukia Mama Keki. "Shemeji, nimekuja kukutua mzigo."

"Lichukue," mzee akajibu taratibu, bila kumtazama mtu. "Mke wangu amevumilia vya kutosha."

Hapo ndipo Mama Keki angepaswa kupiga vigelegele. Badala yake akawa amesimama na unga mikononi, anawaza.

Katika kazi yake, kuoka hakukuwahi kumtisha. Kilichomtisha ni kusafirisha. Keki ya harusi ikitoka jikoni kwake ilikuwa malkia, ikishuka kwenye teksi ilikuwa majeruhi. Mara ya mwisho ghorofa ya juu iliteleza kwenye tuta ikamwangukia mapajani. Alirudisha hela za watu, akalia, na tangu hapo akakataa harusi, akabaki na keki ndogo za watoto. Lakini majuzi tu teksi ilikosa kuja, mumewe akapeleka keki ya mahafali ndani ya Mke Mdogo. Njia ile ile, mashimo yale yale, na keki ikafika bila ufa. Alidhani ni bahati. Sasa, fundi alipotaja ulaini, akaelewa.

"Haliuzwi," akasema.

Wanaume watatu wakamgeukia.

"Fundi, agiza mifuko. Ile halisi, usibahatishe."

Dalali akacheka kidogo. "Shemeji, mifuko hiyo bei yake inakaribia gari lenyewe."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Na hela?"

"Nilikuwa naweka akiba ya oveni kubwa. Oveni itangoja."

Mumewe akamsogelea. "Una uhakika, mke wangu?"

"Sina. Lakini nimeshakata shauri."

Mifuko ilipofika na kufungwa, fundi akawasha injini, na gari likajiinua polepole hadi likasimama wima. Mama Keki hakupiga makofi. Alileta sufuria iliyojaa maji hadi ukingoni, akaipakata kwenye kiti cha nyuma, akamwambia mumewe apite kwenye matuta yote ya mtaa. Waliporudi, gauni lake lilikuwa kavu. Siku ya pili yake akajifunga kibwebwe, akaenda kwa meneja wa ukumbi mkubwa ulio juu ya kilima na kumwomba kazi ya keki ya harusi. Meneja alisita. Alikuwa na habari za ile keki iliyoanguka.

"Ikifika na ufa, usinilipe," Mama Keki akamwambia.

Siku yenyewe fundi alitoa nusu ya kiti cha nyuma, akaweka ubao ulionyooka. Keki ya ghorofa tatu, yenye maua ya sukari membamba kama ngozi ya kitunguu, ikakaa juu ya ubao huo, na Mama Keki akakaa pembeni yake, roho juu. Barabara ya kilimani ilikuwa imechimbuliwa na watu wa mabomba. Lori la saruji mbele yao likasimama ghafla. Mama Keki akafumba macho. Mzee akakanyaga breki kidogo kidogo, kama anayemlaza mtoto, na gari likatua bila mtikisiko. Alipofumbua, maua yote yalikuwa mahali pake.

"Mkurugenzi alikuwa akinywa kahawa hapo ulipokaa," mzee akasema, akimtazama kwenye kioo. "Hakuwahi kuimwagia suti."

Mkewe alikuwa hajaisikia sauti ile ya kujiamini tangu mumewe astaafu.

Ukumbini, shangazi wa bibi harusi aliizunguka keki mara mbili akitafuta kosa, akalikosa. Meneja akalipa papo hapo na kuuliza kama Jumamosi ijayo wana nafasi. Mzee, kwa mazoea yake yote, akageuka kurudi nje kungojea garini. Mama Keki akamshika mkono.

"Unakwenda wapi? Leo tumekaribishwa wote."

Akaketi naye mezani, katikati ya wageni wenye suti, akamkatia kipande yeye mwenyewe.

Harusi zikafuata harusi. Waokaji wengine, hata waliomcheka, wakaanza kukodi Mke Mdogo kubebea keki zao, na mzee akawa na kazi kuliko enzi za mkurugenzi. Gari halikuacha kuumwa. Liliendelea kudai bomba hili na mkanda ule, ila sasa lilikuwa linakula jasho lake lenyewe. Dalali alirudi na bei ya heshima. Akapewa chai na kipande cha keki, akaenda zake.

Jioni moja, wakitoka kushusha keki, Mama Keki akahamia kiti cha mbele, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Usipite njia ya mkato," akasema. "Zunguka kule ziwani."

"Na mafuta?"

"Nimejaza tangi mimi. Endesha."

Mzee akawasha taa, akaingiza gia, wakazunguka.